Gokko na Meno ya Baba

Todoiso, 6 Februari

Mwanangu Chizuru,

Hujambo huko Otaru? Mafua yako ya kila Februari yamefika au bado? Mimi ni mzima. Goti la kushoto linauma theluji ikikaribia, sikio la kulia limekufa kabisa kwa kelele za injini, na la kushoto linasikia likipenda. Ndiyo maana naandika, simu haina faida kwangu. Kadi zako za mwaka mpya nimezipata zote nne. Maneno yamechapwa na mtambo na wewe umetia jina tu, lakini nimeziweka pale kwa mama yako, pembeni ya picha yake.

Sina mengi. Nina swali, na mtu mwingine wa kumuuliza sina.

Juzi bahari ilitulia, nikatoka na mashua kuchuma uni, wale wa miiba wa miambani. Nimeinama ubavuni kama kawaida, sanduku la kioo la kutazamia chini ya maji nimeling'ata, upondo mkono huu, kasia mkono huu. Unaukumbuka ule mwamba unaoupata ukilinganisha bomba la moshi la shule na ncha ya mlima? Kina chake ni kama watu wawili waliobebana. Nikamwona samaki gokko. Kajibandika kwenye mwamba kwa kile kikombe cha tumboni, ananitazama. Nikamgusa na upondo. Mwingine angejiachia akaelea zake, wote ndivyo walivyo. Huyu hakuondoka. Jana nimerudi, yupo. Leo nimerudi, yupo palepale, na sura yake ni ya mtu aliyeudhiwa.

Nina miaka sabini na moja na nimekula gokko kila majira ya baridi, kwenye supu, na tofu na mayai yake. Sijawahi kusikia gokko mwenye anwani. Je, wapo wa namna hiyo? Wewe ndiye unayejua mambo ya chini ya maji.

Vaa soksi mbili.

Baba yako


Otaru, 15 Februari

Baba,

Shikamoo. Mafua yalifika tarehe mbili, yakaondoka tarehe tisa. Kazi ipo. Wateja wanakuja kuzama hata theluji ikianguka, nami nawapeleka. Natumaini goti limepata nafuu na kwamba mafuta ya jiko hayajakuishia.

Barua yako ilikaa juu ya friji siku tano kabla sijaifungua. Baada ya miaka minne ya kimya nilidhani ni habari ya msiba. Nimeifungua nimeketi chini kabisa, sakafuni, na nikakuta samaki.

Haya, nakujibu kama ninavyomjibu mteja yeyote. Ndiyo, wapo. Jike hutaga mayai kwenye mwamba, kisha huenda zake na maji. Dume hubaki. Hali chakula, haendi popote, anayapulizia mayai maji safi kwa mdomo na kumfukuza yeyote anayesogea, miezi miwili hivi, mpaka yaanguliwe. Nyinyi hamkuwahi kumwona kwa sababu mnamjua wa wavuni na wa sufuriani tu. Tazama nyuma yake kwenye ufa. Ukiona kitu kama punje za manjano zimegandana, hayo ndiyo mayai. Ukiona kiti cha pweza, kile chenye mikono mitano kama nyota, kinatambaa kuelekea huko, usikiguse. Tazama atakavyokifanya.

Haya yote nilikwisha kuyasema, Baba. Niliyasema nimesimama katikati ya ukumbi wa ushirika wa wavuvi, nywele zinadondosha maji. Baridi ile uni walikuwa wanaibwa, nami nikatoka baharini mwenu na mtungi wa hewa mgongoni bila ruhusa. Hilo lilikuwa kosa langu na nililikubali. Lakini niliwaambia nilichokuwa nakitazama. Bwana Sakaki, mwenyekiti wenu, akauliza kama huyo gokko alikuwa na kirungu cha ulinzi. Ukumbi mzima ukacheka. Kamera ilikuwa imeingia maji, picha sina. Mfuko wangu wa wavu, wenye kamera na tochi na glavu tu, ulikuwa mkononi mwako, wewe mlinzi wa bahari ya ushirika. Hukuufungua. Ukasema, "Nenda, na usirudi hapa na mtungi."

Basi, swali lako nimelijibu.

Chizuru


Todoiso, 24 Februari

Mwanangu Chizuru,

Nimefurahi kusikia mafua yamekwisha. Mimi nipo. Mafuta ya jiko yapo. Theluji ilifika madirishani Jumatano, jirani Iwabuchi akaja na koleo tukafukua mlango pamoja, yeye akilalamika kwa ajili ya mgongo wake na mimi nikilalamika kwa ajili ya kulalamika kwake.

Mayai yapo. Ya manjano, yamejaa ufa wote. Na kiti cha pweza kimekuja, kikubwa, cha rangi ya kutu. Nilining'inia pale mpaka sanduku likaniganda mdomoni. Yule bwana akakisubiri kifike, akakipiga kichwa. Kiti cha pweza kikaanguka. Akarudi akageuka akayapulizia mayai. Ana ukubwa wa mpira wa watoto, na mapezi yake ni ya kuchekesha, lakini nilishtuka nikaketi kwenye mashua nisiweze kufanya kazi. Nimerudi nyumbani na uni watatu.

Sasa sikiliza shida yangu. Tarehe tano Machi sehemu ile, ambayo sasa tunaichuma wazee tu, inafunguliwa kwa wote. Mashua thelathini zitakuwa juu ya mwamba ule asubuhi moja, kila mmoja na upondo wake wenye kulabu, wakichokoa kila ufa. Kuwazuia lazima nisimame ukumbini. Nikisimama wataniuliza kwa nini. Nikiwaambia kwa nini, nitakuwa nimesema na lile jingine pia. Tangu siku yako ile sijafungua kinywa mle ndani. Ulinzi niliuacha majira yaleyale ya kuchipua, nikasema ni goti.

Je, haiwezekani kumhamisha? Mwamba kipande, mayai, yeye mwenyewe, vyote kwenye ndoo, nikaviweka upande wa gati? Nauliza tu.

Baba yako


Otaru, 28 Februari

Baba,

Hujambo? Mimi sijambo. Naandika haraka ili barua iwahi.

Haiwezekani kumhamisha. Ukimbandua tu, mayai yataliwa kabla hujafika gatini. Na hiyo ndoo, Baba, hata mtoto wa chekechea angekucheka.

Ukisimama, usisimame kwa ajili ya gokko. Gokko hajali jina lake linasemwaje ukumbini. Mimi ndiye ninayejali. Miaka minne nimekuwa mwizi wa Todoiso. Kwenye duka la vifaa vya kuzamia huku Otaru yupo mtu wa pwani ya kwenu aliyenitambua kwa jina la ukoo, akafunga mkoba wake.

Na kabla ya yote nataka jibu moja. Kwa nini hukuufungua mfuko? Uliamini kabisa kwamba nimeiba, kiasi cha kutohitaji kutazama?

Chizuru


Todoiso, 7 Machi

Mwanangu Chizuru,

U hali gani? Mimi nina habari njema na habari ya aibu, na hali yangu iko katikati. Uji naula. Kwa nini uji, utasikia.

Nimesimama. Nilivaa koti la mazishi kwa sababu lile jingine linanuka samaki. Nikasema mwamba wa bomba la moshi usiguswe mpaka mwisho wa Aprili. Sakaki bado ni mwenyekiti. Akasema, "Kulikoni, Mzee Kisaburo? Umezika dhahabu?"

"Kuna gokko analinda mayai."

Kilichofuata unakijua mwenyewe. Mmoja wa nyuma akapiga kelele, "Jamani, supu imeanza kumtazama mzee!" Mwingine akasema nipelekwe hospitali, chumvi imepanda kichwani. Nikawaacha wacheke mpaka wachoke. Uzuri wa sikio bovu ni huo.

Kisha nikasema, "Chizuru aliwaambia hayahaya, papa hapa. Alimwona kweli. Hakuchukua hata uni mmoja. Mfuko wake nilikuwa nao mimi, na sikuufungua."

"Kwa nini hukuufungua?" Aliyeuliza ni Iwabuchi. Akauliza kwa sauti kubwa, upande wa sikio zima, makusudi.

Nilimjibu kama ninavyokujibu wewe. Niliogopa. Sikuamini kwamba umeiba. Niliogopa tu kwamba huenda umeiba. Nikifungua nikakuta uni, mimi mlinzi ningeandika jina la mwanangu kwenye daftari la wezi kwa mkono wangu. Nisipofungua, ningebaki nusu najua, nusu sijui, na nusu hiyo ningeweza kuishi nayo. Sikufikiria kwamba wewe ungeondoka na aibu nzima. Nilipoushika ule mfuko ulikuwa mwepesi, Chizuru. Mimi nimebeba mifuko ya uni tangu nina miaka kumi na miwili. Mkono ulijua. Nisamehe, mwanangu. Nimekukosea, na nimelisema hili mbele ya watu thelathini na saba na mke wa Sakaki aliyekuwa akimimina chai.

Hakuna aliyecheka. Iwabuchi akainuka akasema naye aliwahi kumwona mmoja zamani, kwenye mwamba wa nyuma ya nyumba yake, akanyamaza maisha yake yote kwa kuogopa mdomo wa Sakaki. Sakaki akasema, "Mdomo wangu umekosa nini?" Akakuna kichwa, kisha akasema kesho yake watakwenda kutazama wenyewe.

Wakaenda. Mashua thelathini zimezunguka mwamba, kila mtu kang'ata sanduku lake, matako juu. Sakaki alikaa kwa muda mrefu. Alipoinuka akasema, "Kweli ana hasira. Anafanana na mke wangu akisubiri nitoke bafuni." Wakazungushia mwamba kamba yenye maboya mekundu, na Sakaki akanikabidhi ulinzi wake, kazi yangu ya zamani, bwana mmoja tu wa kumlinda.

Sasa aibu. Aliposema lile neno la mke wake nilicheka. Nilisahau kwamba sanduku liko mdomoni. Mtu hacheki akiwa ameng'ata sanduku, nilikufundisha mwenyewe ukiwa na miaka saba. Sanduku likaelea. Meno ya bandia, ya juu na ya chini, yakazama. Tuliyaona sote yakishuka taratibu, yamefumbua, mpaka kwenye ufa, hatua moja chini ya gokko. Upondo hauruhusiwi pale, tulikuwa tumeapa kabla ya kuinama.

Basi ushirika ukafanya mkutano wa pili, juu ya maji. Karatasi niliyoambatanisha ndiyo matokeo yake. Ni kibali chenye mhuri, cha kuzama na mtungi katika bahari ya Todoiso, mara moja, kwa ajili ya meno ya mwanachama. Cha kwanza kutolewa tangu ushirika uanzishwe. Sakaki alikiandika mwenyewe, na alifuta mara mbili kabla ya kulipata jina lako sawasawa.

Baba yako


Todoiso, 27 Machi

Mwanangu Chizuru,

Natumaini huumwi. Siku ishirini sijaona barua. Labda theluji imezuia posta, ingawa ya Iwabuchi inafika.

Mayai sasa yana macho. Vitone viwili vyeusi kila punje. Bwana wetu amekonda. Mimi pia nimekonda, uji na tofu, tofu na uji, figili za kuchachusha nazitazama tu kwenye mtungi wake. Usinifananishe naye, najua utataka.

Kama hujanisamehe, si lazima uje kwa ajili ya meno. Meno yanatengenezwa. Nijulishe tu kwamba u mzima.

Baba yako


Otaru, 1 Aprili

Baba,

Shikamoo. Mimi ni mzima kabisa. Pole kwa uji.

Barua yako ya tarehe saba nimeisoma mara nyingi mno, nikianza kuandika nashindwa. Ile sentensi kwamba mkono ulijua ndiyo iliyonichelewesha. Nilikasirika nayo wiki mbili. Sasa nimechoka kukasirika, na nimegundua kwamba nimelala vizuri.

Nitakuja, ila si sasa. Mapovu yangu yatamtisha, na akitoka hata kidogo viti vya pweza vitaingia. Nitakuja mayai yakianza kuanguliwa. Mpaka hapo endelea na tofu.

Mwanao, Chizuru


Otaru, 22 Aprili

Baba mpendwa,

Hujambo? Nimerudi Otaru salama. Theluji imekwisha njia nzima na kule Mori nilisimama nikala. Natumaini hujaugua kwa kusimama majini na vile viatu vyako vyenye tundu.

Nilikuwa na mambo ya kukuambia pale ufukweni, lakini sikio lako lilikuwa upande wa Iwabuchi, na Sakaki alikuwa anapiga picha, na midomo yangu ilikuwa imekufa ganzi nisiweze kutamka hata jina langu. Kwa hiyo nakuandikia.

Maji yalikuwa nyuzi tano. Vazi langu halipitishi maji, lakini uso uko wazi kuzunguka miwani, na dakika ya kwanza unauma mpaka unataka kurudi. Nikajishikiza kwenye shina la mwani nikangoja. Nilimwona kabla sijauona mwamba vizuri. Ngozi imechubuka, rangi imemtoka, tumbo limeingia ndani. Mayai mengi yalikwisha kuanguliwa, yamebaki maganda na fungu dogo pembeni, naye alikuwa bado analipulizia fungu hilo. Nilikaa mbali kidogo nikapumua polepole. Akanigeukia akanitazama. Baba, ni sura ileile. Miaka minne nilikuwa nimeanza kujiuliza kama labda kweli sikuona kitu, kama labda nilikitunga kwa sababu ya aibu. Nilicheka huku nimeng'ata mrija wa hewa, nikanywa maji ya chumvi.

Meno yako niliyaona mara moja. Yameketi kwenye ufa, yamefumbua vilevile kama ulivyosema. Nikanyoosha mkono. Halafu nikaona yamejaa watoto.

Ni wadogo kama punje ya mchele. Wamejibandika kwa vile vikombe vyao vya tumboni, mikia wameikunja. Niliwahesabu. Tisa kwenye ufizi wa juu, kumi na mmoja wa chini, na wawili kwenye jino la mbele, lile ulilolalamika kwamba fundi amelifanya jeupe kupita kiasi. Nilipoyatikisa kwa kidole, mmoja alijiachia, akaogelea mzunguko mmoja, akarudi palepale. Nikangoja robo saa, nikatikisa tena. Hawataki. Vidole vyangu havikuwa vyangu tena, na hewa ilikuwa imebaki kidogo. Nikayaacha.

Nikatoka na mfuko mtupu. Nilikuwa nawaza nitakavyokueleza, na wewe ukaja majini mpaka magotini, ukauchukua mfuko mkononi mwangu bila hata salamu. Ukaufungua. Ukaugeuza ndani nje, ukaukung'uta mbele ya Sakaki na ya wote, ukasema kwa sauti ile ya ulinzi, "Hamna kitu. Mtupu." Wao walidhani unasikitikia meno, ndiyo maana walicheka. Mimi nilijua.

Nililia ndani ya gari kuanzia kwenu mpaka Mori, Baba, na si kwa uchungu. Nilihisi mwepesi, basi. Mule Mori nikaagiza wali mara mbili.

Meno nitayarudia wakihama.

Mwanao, Chizuru


Todoiso, 29 Aprili

Mwanangu Chizuru,

Hujambo? Mafua? Mimi sijambo, na goti limenyamaza tangu theluji iishe.

Barua yako nimeisoma kwa sauti nyumbani kwa Iwabuchi. Kesho yake tulikwenda wawili. Yeye alinishikia sanduku kwa mikono, kwa kuwa mimi sina cha kung'atia. Bwana wetu hayupo. Ufa ni mweupe, hakuna hata yai moja lililobaki. Nilimtafuta kidogo kwenye mwani, nikaacha. Alikuwa amemaliza.

Meno nimeyaona. Watoto wapo, nilihesabu kumi na wanane, lakini Iwabuchi alikuwa anatetemesha sanduku. Usiyarudie. Fundi amenitengenezea mengine, yanabana, na leo nimetafuna figili nikaisikia kichwani kote. Yale waachie. Sakaki anamwambia kila anayepita kwamba Todoiso ndiyo bahari pekee inayowalea samaki ndani ya kinywa cha mwanachama.

Kumbukumbu ya mwaka wa saba ya mama yako ni tarehe kumi na mbili Mei. Kasisi wa hekalu atakuja saa nne asubuhi. Ushirika umekupa kibali kingine, kipo hapa mezani, na safari hii hawakuandika kwamba ni cha mara moja tu. Lete mtungi. Baada ya chakula nataka unionyeshe watoto watakakokuwa wamehamia.

Uliusahau mfuko wako wa wavu. Nimeuosha chumvi, nimeukausha, nimeutundika kwenye ule msumari wako wa mlangoni, karibu na aproni ya mama yako. Upo palepale.

Baba yako